Kahawa, Karanga na Akili ya Mzee: Molekuli ya NAD Inavyotazamwa Kutoka Gusii

Kwenye vilima vya Kisii kahawa huchumwa ikiwa nyekundu, hupelekwa kiwandani kumenywa na kuoshwa, huanikwa juani juu ya meza za waya, kisha hutiwa magunia na kupakiwa lori likaenda zake. Nyumbani kwa aliyeichuma, kikombe cha saa nne ni chai ya maziwa. Ndivyo ilivyo tangu miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipolegeza marufuku yake na kuwaruhusu Waafrika wa Kisii na Meru kulijaribu zao hilo, Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari akiwa miongoni mwa waliotangulia kupanda. Hadi leo utampata mzee aliyepogoa mibuni maisha yake yote, na ukimuuliza kahawa yake ina ladha gani, atacheka.

Machi 2024 kemikali iliyomo ndani ya buni ilitokea kwenye jarida la kisayansi la Nature Metabolism. Inaitwa trigonelini, na imo pia katika uwatu, ule ambao kina mama wa pwani hupikiwa baada ya kujifungua. Watafiti wa Uswisi na Singapore walikuta kwamba wazee ambao misuli yao imenywea walikuwa na trigonelini kidogo katika damu kuliko wenzao wenye nguvu. Walipowapa panya wazee kemikali hiyo, misuli yao ilipata nguvu na kuchelewa kuchoka. Minyoo wa maabara waliolishwa waliishi muda mrefu zaidi. Sababu waliyoitoa ni kwamba mwili huigeuza trigonelini kuwa NAD.

Inafaa kusema mapema kwamba maabara iliyoongoza utafiti huo ni ya Nestlé, kampuni inayouza Nescafé. Hilo haliyafanyi matokeo kuwa uongo, ila ni la kujua kabla ya kukimbilia kopo. Na kilichofanywa kwa binadamu kilikuwa kuwapima damu na kutazama misuli yao, si kuwatibu.

NAD, kwa urefu nikotinamidi adenini dinukleotidi, ni koenzimu, yaani msaidizi ambaye vimeng'enya vya mwili havifui dafu bila yeye. Imo katika kila seli hai, iwe ya mtu, ya ng'ombe, ya mgomba au ya hamira. Ilianza kujulikana kupitia hamira. Mwaka 1906 Waingereza Arthur Harden na William Young walikuwa wakichunguza jinsi sukari inavyochachuka, jambo ambalo kila mpika busaa analijua kwa pua. Wakagundua kwamba juisi ya hamira ikichujwa hadi itokwe na kitu fulani kidogo kisichoharibiwa na moto, uchachukaji hukoma. Kikirudishwa, nao hurudi. Harden alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1929, akigawana na Hans von Euler-Chelpin wa Sweden, aliyekisafisha kitu hicho na kukieleza.

Kazi ya kwanza ya NAD ni ya boda boda. Chakula kikivunjwavunjwa ndani ya seli, NAD hupakia elektroni na kuzipeleka kwenye mitokondria zikatengeneze nishati, kisha hurudi tupu kuchukua nyingine, safari baada ya safari. Kazi ya pili haina marejeo, kwa sababu humo NAD hukatwa na kutumika ikaisha. Huitumia vimeng'enya vya PARP vinavyokarabati DNA iliyokatika. Huitumia sirtuini, zinazosaidia kuamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze. Huitumia pia CD38, kimeng'enya cha mfumo wa kinga ambacho katika panya huongezeka kadiri wanavyozeeka. Mwaka 2000 Shin-ichiro Imai na Leonard Guarente wa chuo cha MIT walionyesha kwamba Sir2, protini inayorefusha maisha ya hamira, haifanyi kazi bila NAD. Vipimo vya ngozi, misuli na ubongo vimeonyesha molekuli hii ikipungua umri unaposonga, ingawa si katika kila kiungo wala katika kila utafiti.

Kutoka hapo biashara ilifuata mbio. Kama NAD hupungua, walisema wauzaji, iongezwe. Mwaka 2004 Charles Brenner na mwenzake walitambua kwamba nikotinamidi raibosidi, iliyomo katika maziwa kwa kiasi kidogo mno, ni vitamini ambayo mwili huigeuza kuwa NAD. Leo hiyo na binamu yake, NMN, huuzwa kwa vidonge. Kopo la mwezi mmoja Marekani huwa dola 40 au zaidi, zaidi ya shilingi 5,000 za Kenya. Mzee wa Nyamira anayepokea Inua Jamii, posho ya serikali, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi.

Je, vidonge vinafanya kazi? Vinapandisha NAD katika damu, hilo halina ubishi. Jaribio la Chuo Kikuu cha Colorado lililochapishwa 2018, kwa watu wa miaka 55 hadi 79, liliipandisha kwa takriban asilimia 60 ndani ya wiki 6. Kinachofuata ndicho kigumu. Wanawake 25 wa Marekani waliokaribia kupata kisukari walishiriki jaribio la NMN lililotolewa 2021, na misuli ya waliomeza dawa ikaitikia insulini vizuri zaidi. Uzito na sukari ya damu havikubadilika. Huko Birmingham wazee 12 walimeza nikotinamidi raibosidi kwa siku 21, na misuli yao haikupata nguvu yoyote mpya. Huko Texas wazee 20 walioanza kusahau walipewa kwa wiki 10: NAD ilipanda zaidi ya mara mbili, kumbukumbu ikabaki palepale. Panya wa mpango wa serikali ya Marekani unaopima dawa za kurefusha maisha walipolishwa hiyo hiyo hawakuishi zaidi. Kuna habari ya matumaini kutoka Bergen, Norway, ambako wagonjwa 30 wa Parkinson walijaribiwa kwa mwezi mmoja na baadhi yao wakaonyesha nafuu ndogo, lakini mwezi mmoja ni mwezi mmoja.

Isitoshe, mwaka 2024 kundi la Stanley Hazen wa hospitali ya Cleveland Clinic lilionyesha kwamba mabaki yanayotokana na niasini, vitamini B3 ambayo mwili huigeuza kuwa NAD, ikizidi mwilini yanahusiana na maradhi ya moyo. Kwa hiyo anayekuuzia kidonge cha ujana mjini Kisii anakuuzia matumaini ya panya, na hata panya wenyewe hawajakubaliana.

Njia ya bei nafuu ipo, nayo ina ushahidi mzuri kuliko ya kopo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2022 ulipima misuli ya vijana na wazee ukakuta kwamba wazee wanaofanya mazoezi wana NAD inayokaribia ya vijana, na kwamba kadiri mtu anavyopiga hatua nyingi kwa siku ndivyo kiwango chake kinavyokuwa juu. Gusii, yaani Kisii na Nyamira, hatua si haba. Anayechuma majani Kebirigo au Nyansiongo hupanda na kushuka mteremko akiwa na kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia chai, na hakuna anayemhesabia. Nyantika Maiyoro, Mkisii aliyeiwakilisha Kenya kwa mbio katika michezo ya Vancouver mwaka 1954, kabla ya wengi kujua kama kuna nchi ya wakimbiaji inayoitwa Kenya, alifariki mwaka 2019 akikaribia miaka 90. Mtu mmoja si ushahidi, tunajua, lakini ni vigumu kuandika habari ya misuli na uzee katika nchi ya Maiyoro usimtaje.

Kabla NAD haijawa habari ya uzee ilikuwa habari ya njaa. Mwili huitengeneza kutokana na vitamini B3, yaani niasini, na kutokana na triptofani, mojawapo ya asidi zinazounda protini. Vikikosekana vyote viwili, mtu hupata pelagra. Ngozi inayopigwa na jua hubabuka na kuwa nyeusi, shingoni ikachora duara. Tumbo huharisha. Kisha akili huvurugika: mtu hakosi tu usingizi, bali husahau, huropoka, huona yasiyoonekana, huwashuku hata wa nyumbani mwake. Asipotibiwa hufa.

Kusini mwa Marekani, miongo ya mwanzo ya karne ya 20, pelagra iliwapata watu wapatao milioni 3 na kuua takriban 100,000, wengi wao maskini walioishi kwa unga wa mahindi. Hospitali za wagonjwa wa akili zilijaa. Madaktari wengi walishikilia kwamba ni maambukizi. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger akachunguze, naye akaona jambo lisilohitaji darubini: wagonjwa na mayatima waliugua, wauguzi waliowahudumia na waliokula vizuri zaidi hawakuugua. Waliombishia aliwajibu kwa vitendo. Mwaka 1916 yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, wakameza vidonge vilivyokandwa kwa magamba ya ngozi na kinyesi cha wagonjwa hao. Mkewe naye akadungwa damu. Hakuna aliyepata pelagra. Goldberger alikufa mwaka 1929 bila kukijua kirutubishi chenyewe. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwaponya mbwa kwa niasini, na muda si mrefu wagonjwa waliokuwa wakiropoka wodini walirudiwa na akili zao katika siku chache baada ya kupewa dawa hiyo.

Afrika nayo ina kisa chake, na si cha zamani sana. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini Malawi walipatwa na pelagra, wagonjwa zaidi ya 17,000. Mgao wao ulikuwa mahindi, maharagwe kidogo na karanga. Karanga ziliacha kuja. Waliokuwa na bustani na kupanda karanga zao wenyewe waliepuka zaidi kuliko wenzao.

Lawama kubwa huangukia mahindi. Niasini imo ndani ya punje, lakini imefungika na tumbo haliwezi kuifungua, na triptofani yake ni haba. Wenyeji wa Mexico, walioyalima kwa maelfu ya miaka, huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua niasini. Mahindi yalipovuka bahari kuja Ulaya na Afrika, maarifa hayo hayakupanda meli.

Gusii mahindi yaliisukuma wimbi kando katika karne ya 20, na obokima, yaani ugali, wa jioni siku hizi aghalabu ni mweupe. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wakubwa kuongeza virutubishi katika unga wa pakiti, niasini ikiwemo. Lakini debe linalobebwa kichwani kwenda kisiagi cha kijijini hurudi likiwa unga mtupu wa mahindi ya shambani, na huo ndio unga wa wazee wengi. Sheria imemlinda anayenunua dukani.

Si sababu ya kumtisha mtu, kwa maana sahani ya Gusii haikuwa ya mahindi peke yake kamwe. Nenda soko la Daraja Mbili mjini Kisii siku ya Jumatatu au Alhamisi. Karanga zimemwagwa juu ya gunia, wekundu wake ukifanana na udongo wa hapo, na muuzaji huzipima kwa gorogoro akilijaza hadi lifanye kilele, kisha akikupenda huongeza konzi moja. Gramu 100 za hizo zina takriban miligramu 12 za niasini. Mwanamume mzima huhitaji 16 kwa siku, mwanamke 14. Pembeni kuna omena kutoka ziwani. Kuna kuku wa kienyeji waliofungwa miguu, ambao nyama yao ina niasini nyingi kuliko ya ng'ombe. Kuna mafungu ya chinsaga, mboga chungu inayochemshwa kwa muda mrefu na kutiwa maziwa. Na kama mkulima angebakisha kilo moja ya buni zake akazikaanga, sehemu ya trigonelini ingegeuka kuwa niasini humohumo kikaangoni, kadiri buni zinavyozidi kuwa nyeusi.

Anayepungukiwa ni mzee anayeishi peke yake, meno yamekwisha, karanga hazitafuniki, kuku huchinjwa mgeni akija, na mjukuu anayempikia ana miaka 9. Huyo hula uji na ugali kwa chai. Mlevi wa chang'aa naye yumo, kwani pombe huziba njia ya niasini huku ikimfanya asile. Na yumo mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi bila vidonge vya vitamini B6 vinavyopaswa kuambatana nayo, kwa kuwa dawa hiyo huzuia triptofani isigeuzwe.

Ile dalili ya tatu ya pelagra, akili kuvurugika, ina uzito wa pekee Gusii. Mei 2008 genge lilipita nyumba hadi nyumba katika vijiji vya Kisii likawachoma moto watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wakongwe, likidai ni wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake 4 waliuawa kwa madai hayohayo. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, na mauaji ni mauaji kwa sheria yoyote.

Visa hivi vina mizizi mingi, mizozo ya ardhi ikiwa mmojawapo, na hakuna aliyewapima akili waliouawa. Lakini tazama picha ya omorogi, yaani mchawi, kama Wagusii walivyomsimulia mwanaanthropolojia Robert LeVine aliyekaa kwao miaka ya 1950: mtu anayezunguka usiku, uchi, akiwa na chungu cha moto. Kisha mtazame magokoro, yaani bibi mzee, mwenye dimensia. Jua likizama, wasiwasi humpanda. Hapati usingizi. Hutoka nje bila kujua ni saa ngapi, pengine nusu uchi kwa kuwa amesahau nguo huvaliwaje, hushika mlango wa jirani akidhani ni wake, na akimulikwa tochi na kuulizwa jina hutaja watu waliokufa zamani. Kila anachokifanya kinafanana na alichoambiwa kijana mwenye tochi tangu utotoni.

Wazee wa namna hiyo si wachache. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulikuta takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia. Kisii na Nyamira zilikuwa na watu karibu milioni 1.9 katika sensa ya 2019, na kila lokesheni ina wazee wake wanaosahau.

Dimensia iliyo nyingi, ikiwemo ya Alzheimer, haina tiba, na NAD haijabadilisha hilo. Panya waliowekewa jeni za ugonjwa huo walipata nafuu mwaka 2018 walipopewa nikotinamidi raibosidi na kundi la Vilhelm Bohr. Wale wazee 20 wa Texas hawakupata. Hata hivyo kuna kundi la wanaovurugikiwa akili kwa jambo linalotibika: upungufu wa niasini au wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, kaswende ya zamani, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, huzuni nzito, au mchanganyiko wa dawa za presha na za usingizi. Pelagra ndiyo ya bei rahisi zaidi kuitibu miongoni mwao. Nikotinamidi ni kidonge cha senti chache kilichomo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, na mgonjwa huanza kutulia katika siku za mwanzo.

Kwa sababu hiyo mwenye mzazi Mugirango, Bobasi au Kitutu asingoje vidonge vya dola 40. Mzee akianza kusahau njia ya kwake, kuongea peke yake usiku au kumshuku mwanawe mwenyewe, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kisii au ya kaunti ya Nyamira kabla maneno hayajafika sokoni. Beba dawa zote anazomeza, hata zile za jirani. Mweleze daktari anakula nini kila siku na nani anampikia, kama anakunywa pombe, kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu. Mwonyeshe shingo na mikono iliyobabuka kama ipo. Omba vipimo vya damu, vya tezi, vya sukari na vya kaswende. Na ukitoka hapo, mwambie chifu na majirani kwa jina la ugonjwa kwamba mzee huyu ni mgonjwa na anatibiwa.

Karanga za mzee asiye na meno husagwa, na kisiagi kile kile kinachosaga mahindi yake kikiwa hakizisagi, kinu cha mbao kinatosha.